Salama, Ila

Bwana Chaurembo wa Kilimatupu hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na shahada wala stashahada. Hakuwa na shemeji serikalini, wala picha aliyopigwa akimpa mkono kiongozi yeyote. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na suti, isipokuwa koti moja la reli lenye vifungo vya shaba, ambalo alilivaa kama suti na hakuna aliyethubutu kumwambia vingine. Cheti chake pekee kilikuwa cha masomo ya jioni, alichokipata akiwa tayari ana wajukuu, naye alikining'iniza sebuleni juu kidogo ya picha ya Mkuu wa Nchi. Zaidi ya hayo yote, hakuwa na haraka, na katika nchi ile mtu asiye na haraka alihesabiwa kuwa na kasoro ya uraia.

Haraka aliipotezea kazini. Alikuwa mshika bendera wa stesheni ya Kilimatupu. Treni iliacha kupita mapema sana katika utumishi wake, lakini barua ya kumwambia aache kuisubiri haikumfikia, kwa kuwa ilitumwa kwa treni. Basi akasubiri mpaka umri wa kustaafu, bendera mkononi, koti limefungwa vifungo vyote, na alipostaafu alipewa pongezi kwa kutosababisha ajali hata moja.

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naogopa. Jina lake lilikuwa likibadilishwa kila sikukuu ya taifa, nami sipendi kumchosha msomaji. Inatosha kusema kwamba iliongozwa vizuri sana, na ushahidi ni kwamba viongozi wake wenyewe walisema hivyo, tena mara nyingi, bila kuulizwa.

*

Siku moja Mkuu wa Nchi aliota kwamba wananchi wake wote wana afya njema. Alipoamka aliagiza jambo hilo lithibitishwe kitaalamu.

Kazi ikaangukia Wizara ya Hali ya Wananchi. Wizara hiyo ilikuwa na idara mbili za utafiti. Idara ya Madodoso ilikaa kwenye jengo la ghorofa lenye lifti, na mkurugenzi wake, Dakta Lukwaro, alikuwa amesomea ng'ambo namna ya kuchora visanduku vya kutia alama. Idara ya Mahojiano ya Kina ilikaa chini ya ngazi za jengo hilohilo. Ilikuwa na mtumishi mmoja, Bi Leokadia, na viti viwili: kimoja cha kwake, na kingine cha mtu anayehojiwa, ambacho Idara ya Madodoso ilikiazima kwa dakika chache wakati wa Waziri wa tatu, na sasa alikuwapo Waziri wa saba.

Waziri huyo wa saba, Mheshimiwa Profesa Magogwa, aliitisha mkutano ili wataalamu wachague njia bora.

"Mheshimiwa," akaanza Dakta Lukwaro, "dodoso ni kama mvua. Linamfikia kila mtu kwa wakati mmoja. Mahojiano ya kina ni kama kumwagilia mche mmoja kwa kijiko cha chai."

"Hiyo ya mvua iandikwe," akasema Waziri.

Bi Leokadia akajibu akiwa amesimama, kwa kuwa hapakuwa na kiti. "Mimi sina ugomvi na dodoso, Mheshimiwa. Ukitaka kujua nyumba ngapi hazina choo, tuma dodoso, usikae na watu kutwa nzima kuwasimulisha habari za vyoo. Lakini ukitaka kujua kwa nini mama mjamzito anaipita zahanati na kwenda kwa mganga, itabidi ukae naye. Dodoso linahesabu majibu ya maswali unayoyajua tayari. Usipojua la kuuliza, unahesabu upepo."

Waziri akatafakari, au akafanya uso wa kutafakari. "Na hayo majibu ya mahojiano yako, yanatoshea kwenye hotuba?"

"Hayatoshei, Mheshimiwa. Mengine watu huyasema wakilia."

"Basi umejijibu mwenyewe, mama."

Hata hivyo, kwa kuwa nchi ile ilipenda haki, uamuzi ulifanywa kwa kura. Kila mjumbe alipewa karatasi yenye visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa *Nataka dodoso*, cha pili *Nataka sana dodoso*. Cha pili kikashinda.

*

Dodoso la Taifa lilikuwa na swali moja: *Habari za afya?* Majibu yalikuwa matatu: *Nzuri*, *Nzuri sana*, na *Nzuri mno*. Mtu mmoja wa magazeti aliuliza kiko wapi kisanduku cha *Mbaya*, akaelezwa kwa upole kwamba karatasi iliishia hapo.

Hapa yanipasa nieleze desturi moja ya watu wa Kilimatupu, ingawa huenda msomaji akadhani amewahi kuiona mahali pengine. Mtu wa kule ukimuuliza habari, atakujibu nzuri. Kama nyumba yake inaungua, atakujibu nzuri, na moshi unamtoka nyuma ya kichwa. Kama ametoka kuzika asubuhi ileile, atakujibu salama, alhamdulillahi, au tunamshukuru Mungu. Si uongo. Ni adabu. Huwezi kumtupia mgeni shida zako mlangoni kabla hajavua viatu. Kwanza unamjibu nzuri, unamtolea kiti, unampa maji. Anakunywa, anashusha pumzi. Hapo ndipo unasema, "Salama, ila." Na baada ya *ila* ndipo habari inapoanza.

Karani aliyeletwa Kilimatupu na dodoso aliitwa Bwana Ngwembe. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miguu iliyovimba kwa kutembea, na alizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Desturi aliijua vizuri kuliko jina lake. Lakini mwongozo wa Wizara ulisema: *Karani hatakaa. Karani akikaa, jibu linabatilika.* Basi alisimama mlangoni, akauliza, akajibiwa nzuri, akatia alama, akaondoka kabla *ila* haijapata hata nafasi ya kujitanda khanga.

Matokeo yalitangazwa redioni kwa tarumbeta. Afya ya Kilimatupu ilionekana kuwa nzuri kwa kila mkazi, pamoja na marehemu mmoja, ambaye nduguze walimjibia kwamba amepumzika salama. Wizara ikatoa hitimisho la kisayansi: mji usio na mgonjwa hauhitaji zahanati. Jengo litafungwa. Friji ya dawa itachukuliwa na lori na kupelekwa mji mkuu, kwenye Makumbusho ya Maradhi ya Zamani.

*

Katika friji hiyo, rafu ya pili kutoka juu, zilikaa chupa za insulini za Bi Mwanakheri, mke wa Bwana Chaurembo. Kwa sindano hizo aliishi. Hospitali nyingine ilikuwa ng'ambo ya milima, na dawa ile ikipigwa na joto la njiani hufika ikiwa maji tu.

Bwana Chaurembo alizima redio. Mkewe alikuwa akichambua mchele.

"Mama Zawena, yule karani alifika hapa?"

"Alifika. Ulikuwa msikitini."

"Ukamjibu nini?"

"Salama."

"Salama, wewe? Wewe unayechomwa sindano kila siku?"

Bi Mwanakheri akaweka ungo chini. "Sasa ulitaka nimjibuje? Mgeni kasimama mlangoni, jasho linamtoka, hata maji hajanywa, nimtwishe sukari yangu? Mimi sikulelewa hivyo. Nilimwambia salama, nikaingia ndani kumchukulia kiti. Nimerudi na kiti, mtu hayupo. Nimebaki na kiti mkononi kama mwehu."

"Wameandika salama yako. Wanachukua friji."

Akauokota ungo, akauweka tena chini. Kisha akasema polepole, "Yaani mimi ndiye niliyewaambia wachukue?"

"Hukuwaambia. Hawakungoja umalize."

Bwana Chaurembo akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akamwambia mkewe kwamba anakwenda mji mkuu kuwamalizia sentensi.

*

Langoni kwa Wizara askari alimuuliza kama ana miadi.

"Sina."

"Basi subiri hapo."

Sijui ni adui gani wa Serikali aliyemwelekeza askari yule aseme neno hilo kwa mtu wa stesheni ya Kilimatupu. Bwana Chaurembo alisubiri. Alisubiri kwa ustadi, mgongo umenyooka, vifungo vinang'aa. Alisubiri siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka makarani wakaanza kumpigia saluti wakiamini ni sehemu ya ulinzi, na msafara wa Waziri ukawa unapunguza mwendo kila ulipompita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika ni nani.

Aliyemuuliza alikuwa Bi Leokadia.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu juzi?"

"Nzuri."

Bi Leokadia hakuondoka. Alikwenda chini ya ngazi, akarudi na kiti chake, kile cha pekee, akamkalisha mzee, yeye akachuchumaa pembeni na kusubiri.

"Nzuri, ila," akasema Bwana Chaurembo, na akamweleza yote.

Ikatokea bahati. Wiki hiyo wafadhili kutoka nchi za mbali walikuwa wameandika kwamba fedha za utafiti hazitatolewa mpaka yaonekane angalau mahojiano ya kina ya mtu mmoja. Waziri alikuwa akitafuta mwananchi mmoja, mtulivu, aliyevaa vizuri. Bi Leokadia akasema anaye, tena yupo langoni.

*

Chumba kilitengenezwa. Waziri alikaa upande mmoja wa meza, Bwana Chaurembo upande wa pili. Dakta Lukwaro alisimama nyuma ya Waziri, na Bi Leokadia pembeni na kalamu. Waziri hakumwamkia mzee shikamoo, kwa kuwa wadhifa wake ulikuwa umeshaupita umri wa mzee. Alifungua faili kutafuta swali. Bwana Chaurembo, ambaye alilelewa kwamba anayeingia ndiye anayesalimu, akamtangulia.

"Habari za hapa, Mheshimiwa?"

"Nzuri," akasema Waziri, bila kuinua macho.

Bwana Chaurembo akanyamaza.

Waziri akainua macho. Aliona mtu ametulia, mikono magotini, anamtazama kama vile treni itatokea usoni pake wakati wowote.

"Nzuri sana," akaongeza Waziri.

Kimya.

"Nzuri mno."

Visanduku vikawa vimekwisha. Dakta Lukwaro akakohoa. Bwana Chaurembo hakukohoa. Waziri akalegeza tai, akatazama dari, akatazama meza, na midomo yake ikacheza kidogo kama ya mtoto aliyepotezana na mamake sokoni.

"Ila," akasema Waziri.

Kisha hakuna aliyeweza kumzuia. Ila mgongo unamuuma kwa kukaa viti virefu. Ila halali. Ila kila simu ikilia anadhani ni ya kumfukuza, na isipolia anadhani wameshamfukuza. Ila matokeo ya dodoso ameyasoma kwa siri, mkoa wake wa kuzaliwa, na kijiji chake, na nyumba yao. "Mama yangu yumo, mzee wangu. Ameandikwa nzuri sana. Mama yangu macho yote mawili hayaoni tangu mwaka juzi. Ameandikwa nzuri sana, na saini ni yangu."

"Pole, mwanangu," akasema Bwana Chaurembo.

"Asante."

"Umekwenda kumtazama?"

"Nitakwendaje? Nikienda itaonekana anaumwa."

Bi Leokadia alikuwa ameacha kuandika. Bwana Chaurembo akasogeza kiti mbele. "Mimi ila yangu ni moja tu. Mke wangu anaishi kwa friji ile mnayotaka kuitia kwenye makumbusho. Iacheni palepale."

Waziri akashika kalamu. Nataka msomaji ajue kwamba aliishika kweli. Lakini Dakta Lukwaro akainama sikioni mwake na kunong'ona kwamba ikiwa Kilimatupu kuna mgonjwa mmoja, basi dodoso lina kosa moja. Na kama dodoso lina kosa, basi Mkuu wa Nchi aliota vibaya.

Waziri akaiweka kalamu chini. Akajifuta uso kwa tai, akasimama, akarudi kuwa Mheshimiwa.

"Mahojiano haya hayakufanyika," akatangaza. "Na yalikwenda vizuri."

Kabla ya Ijumaa ilipitishwa Sheria ya Salamu Fupi. Mwananchi akiulizwa habari atajibu kwa neno moja, akiwa amesimama. Kutamka *ila* baada ya *nzuri* kutahitaji kibali, na kibali kitatolewa kwa wale tu ambao hali yao ni nzuri. Bi Leokadia alihamishiwa stoo ya samani, ambako angalau viti vilikuwa vingi.

*

Bwana Chaurembo alirudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo Waziri mzima alikulilia."

"Alilia."

"Na bado wanachukua?"

"Lori linakuja kesho."

Bi Mwanakheri akafikiri. "Sheria hiyo inakataza watu kusema ila wakiwa wamesimama?"

"Inataka ujibu ukiwa umesimama."

"Na aliyekaa?"

"Aliyekaa haikumfikiria. Walioiandika hawajui kama watu hukaa."

"Haya," akasema Bi Mwanakheri, na akatoka kwenda kwa jirani kuazima viti.

Asubuhi lori lilipoingia Kilimatupu, mbele ya zahanati palikuwa hapaonekani mlango kwa viti. Vilikuwapo viti vya plastiki vya harusi, vigoda, mbuzi za kukunia nazi, sofa moja iliyobebwa na wanaume wa mtaa wa pili, na benchi la stesheni, ambalo lilikuwa limesubiri abiria muda mrefu mno. Na kila kiti kilikuwa na mtu, isipokuwa kimoja, cha katikati.

Kutoka kwenye lori alishuka Bwana Ngwembe, karatasi ya amri mkononi, na wapagazi wenye kamba mbili nene. Alikuwa amejitayarisha kwa mawe. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Hakujitayarisha kuwakuta watu wa kwao wamekaa wakimtazama, na mdomo wake ukafanya ulichofundishwa na mama yake.

"Habari za asubuhi, jamani?"

"Nzuri," akasema Bi Mwanakheri. "Karibu kiti."

"Nashukuru, mama, nina haraka. Nimekuja kwa ajili ya—"

"Najua ulichofuata. Kaa kwanza. Mara ile nilikuletea kiti ukanikimbia, watoto wa mtaani wakanicheka. Leo tena?"

Bwana Ngwembe alikitazama kile kiti. Mguu mmoja ulimsihi, na mwingine ukauunga mkono. Akakaa. Akapewa maji, akanywa, akashusha pumzi.

"Nzuri, ila," akaanza Bi Mwanakheri.

Alimweleza sukari yake tangu ilipoanza. Alipomaliza, akapokea jirani yake mwenye pumu. Akafuata baba wa mtoto wa degedege, na kikongwe mwenye shinikizo la damu ambaye alianzia utotoni kwao ili habari ieleweke. Bwana Ngwembe alijaribu kusimama mara kadhaa.

"Mama, sheria inasema neno moja."

"Kwa waliosimama, mwanangu. Wewe umesimama?"

"Hapana."

"Tena wewe ndiye uliyeuliza habari. Au ulikuwa hutaki kujua?"

Swali hilo halikuwa na visanduku. Bwana Ngwembe akatazama amri, akaikunja, akaitia chini ya makalio ili isipeperuke. Wapagazi nao wakatafuta mahali pa kukaa. Mmoja akakalia kamba. Jua likapanda, likaanza kushuka, na salamu bado zinaendelea. Hakuna mtu aliyezaliwa Kilimatupu anayeweza kumkata mwenzake salamu katikati akachukua friji yake.

Alasiri, wote walipokwisha kusema, Bwana Ngwembe alikuwa bado amekaa.

"Na mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Salama, ila hii miguu."

Muuguzi akamchukua ndani ya zahanati aliyotumwa kuifunga, akamvua viatu, akamtazama miguu, akamfunga bendeji. Alipotoka alikuwa anatembea vizuri zaidi na anafikiri vibaya zaidi.

"Nitawaambia nini huko?" akauliza. "Lori haliwezi kurudi tupu. Lazima lirudi na kitu kutoka Kilimatupu."

"Litarudi na kitu," akasema Bwana Chaurembo.

*

Aliandika pale pale, kwenye benchi la stesheni, kwa mwandiko wa masomo ya jioni, ambao kila herufi yake imesimama kama mtu anayepigwa picha. Bi Mwanakheri alisoma juu ya bega lake.

"Mbona hujamsalimu Mkuu wa Nchi? Hata barua ya mkopo huanza na salamu. Mimi huku ni mzima, sijui wewe."

"Amesalimiwa huyo. Nchi nzima imemwambia nzuri. Mimi naanzia pale mlipokatizwa."

Na kweli barua ilianza hivyo, bila kichwa wala utangulizi:

*Ila, Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, friji hatuitoi. Ndani yake mna uhai wa mke wangu na wa wengine ambao majina yao yamo katika kurasa zinazofuata, kila mmoja na ila yake, kama alivyoisema mwenyewe akiwa amekaa. Karani wako hana kosa, ulimkataza kukaa. Ukitaka kujua watu wangapi wamekataa, huna haja ya kutuma dodoso: ni sisi sote. Ukitaka kujua kwa nini, njoo mwenyewe. Kiti kipo, maji yapo. Ukija na askari, waje na viti vyao, kwa kuwa salamu zetu ni ndefu. Mimi nitakungoja. Wakuu wa reli watakueleza kwamba naweza.*

Akaweka jina lake lote, na mtaa, na alama ya nyumba: ile yenye cheti ukutani.

"Watakukamata," akasema Bi Mwanakheri.

"Watanikuta."

Hakuuliza zaidi. Alileta uji mzito uliobaki asubuhi, akapaka ukingo wa bahasha kwa kidole, akaukunja. Bwana Chaurembo akang'oa kifungo cha juu cha koti lake, kile alichokifunga kila siku tangu alipoanza kazi, akakibonyeza juu ya uji wakati bado laini, mpaka alama ya reli ikatokea, gurudumu lenye mabawa.

Bwana Ngwembe aliipokea kwa mikono miwili. Akapanda nyuma ya lori, akaiweka katikati ya sakafu, mahali palipopimwa kwa ajili ya friji, na wapagazi wakaifunga kwa zile kamba mbili, fundo juu ya fundo. Bwana Chaurembo alikwenda mpaka barabarani, akatoa bendera ya kijani iliyokaa mfukoni tangu alipostaafu, akaipeperusha, na lori likaondoka.